Cherehani ya Sib

Kila kikosi kina uzi wake, na mimi ndiye niujuao.
Wa nchi kavu wanataka rangi ya mchanga uliolowa.
Wa majini, weupe usiosamehe:
tone moja la mafuta ya mashine, nguo imerudi.
Wa angani buluu, lakini si buluu yoyote;
sampuli wanakuja nayo wenyewe, imekunjwa mfukoni.
Walinzi wa kasri hawaniletei mimi. Wana fundi wao.
Nilimwona mara moja, harusini,
anakula biriani kwa kisu na uma.

Duka langu liko Sib, nyuma ya wauza halwa:
mlango mmoja, kiyoyozi kinachokohoa, kalenda ya benki.
Alhamisi vijana wanatoka kambini, kila mmoja ana haraka,
na kila mmoja humtazama mwenziwe bega kwanza, uso baadaye.
"Na wewe, wa boti?"
"Mimi polisi, mama."
Naam. Huku ufuko unalindwa na polisi, kina na jeshi.
Mpaka uko wapi? Nilimwuliza ofisa mmoja wa meli.
Akacheka, akaagiza vifungo sita.

Mpwa wangu Muhanna amerudi kutoka chuo cha maofisa,
kichwa kimejaa nchi za watu.
Anakaa juu ya marobota, anazimaliza kachori zangu, anasimulia:
Dar jeshi ni moja,
nchi kavu, maji na anga ni kamandi chini ya paa moja.
Ng'ambo yetu, upande wa pili wa Hormuz, majeshi mawili,
kila moja na wanamaji wake na boti zake.
"Wake wenza," nikasema, "kila mmoja na jiko lake."
Tena kuna nchi moja ya milimani, Amerika ya Kusini,
bahari walinyang'anywa vitani, enzi za mababu,
na hadi leo wana wanamaji. Wanafanya mazoezi ziwani.

Hapo mguu wangu ukasimama kwenye cherehani.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Mama yangu aliinoa mbuzi ya nazi kila Shaabani
katika mji usio na mnazi hata mmoja,
na nazi yenyewe tunanunua pakitini, imekwisha kukunwa.

Baba aliingia jeshini mwaka wa sabini na tatu,
Kiarabu chake cha kusalia tu.
Wakamwuliza: nchi kavu, maji, au ndege?
"Penye chakula," akajibu.
Wakampa redio, kwa kuwa Kiingereza alikijua.
Kikosi chake kiliunganishwa, kikagawanywa, kikabadilishwa jina.
Beji yake imo kwenye kopo la sindano.
Nikitafuta pini, hunichoma.

Sasa wiki jana akaja binti, Buthaina, miwani mikubwa,
anataka alama ya bega ya kikosi kipya.
"Mnalinda nini?"
"Kompyuta. Mawasiliano."
"Basi nyinyi ni nchi kavu?"
"Hapana."
"Maji?"
"Hapana."
"Hewani?"
Akafikiri. "Hapana. Ingawa..."
"Uzi rangi gani?"
"Kamati bado inakaa."

Nikammwagia sanduku zima mezani.
Hii ya mizinga. Hii ya madaktari. Hii ya bendi.
Zote zina wenyewe, hata ile ya zambarau ambayo hakuna aipendaye.
Adhana ya magharibi ikatukuta tungali tumeinama.
Ndipo akaliona kopo.
"Na hii rangi inaitwaje?"
"Ilikuwa kijani. Sasa sijui."
Akaigeuza chini ya taa, akaigeuza tena.
"Nipe nyuzi mbili tu, nikawaonyeshe."

Nilizichomoa kwa upande wa nyuma, pasipoonekana.
Baba asingekasirika.
Angeuliza tu kama huko wanapewa chakula.